Huduma za safari ya Machu Picchu: ipi ulipie, ipi uiache

Wengi wanaopanga kwenda Machu Picchu, magofu ya mji wa Wainka nchini Peru, huanza na ndege, wakaja kwenye hoteli ya mjini Cusco, wakakata treni, na tiketi ya kuingilia wakaikumbuka mwisho. Huko ni kupanga kichwa chini, miguu juu. Tangu Juni 2024, utaratibu mpya wa mizunguko ulipoanza, tiketi ndiyo inayoamua utaingia saa ngapi na utapita wapi ndani ya magofu. Saa hiyo ndiyo itakayokuambia upande treni ipi na ulale wapi usiku wa kuamkia siku hiyo. Mapitio haya yanazipima huduma anazouziwa mgeni kati ya Cusco na lango la Machu Picchu, kuanzia na hiyo tiketi.

Tiketi ya serikali

Muuzaji ni Wizara ya Utamaduni ya Peru, kupitia tovuti ya tuboleto.cultura.pe. Mgeni mtu mzima hulipa soli (fedha ya Peru) 152 kwa njia za kawaida na soli 200 kwa njia zenye kupanda Huayna Picchu au Mlima Machu Picchu. Tovuti nyingi zinazotokea juu kwenye matokeo ya utafutaji ni za mawakala, na baadhi zimepambwa zifanane na ya serikali. Wakala kuongeza ujira wake si kosa. Kosa ni kukuuzia tiketi bila kukutajia ni ya njia gani, na hilo hutokea sana.

Mizunguko ni mitatu, imegawanywa katika njia kumi, kila moja ikiwa na namba na herufi yake. Baadhi, kama 1-C ya kwenda Lango la Jua na 1-D ya Daraja la Inka, hufunguliwa msimu wa watalii wengi tu. Zile za kudumu ni 1-A, 1-B, 2-A, 2-B, 3-A na 3-B.

Mzunguko wa 1 ni wa kutazama kutoka juu. Unapanda hadi matuta ya juu, unapata ile picha ambayo kila mtu anaijua, magofu chini na Huayna Picchu nyuma yake, kisha unarudi. Mjini huingii. Hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa: tiketi za mzunguko wa 2 zikiisha, mtu anaona 1-B bado ipo, anainunua kwa kudhani tofauti ni jina tu, na akifika anakuta kuta anazitazama kwa mbali. Mlinzi hatakuruhusu kushuka hata ukimwomba vipi, maana tiketi huonyesha njia, na ukirudi nyuma au kukata kona utapigiwa filimbi.

Mzunguko wa 2 ndio kamili. Unaanzia kwenye matuta, unapiga picha yako, kisha unaingia kwa lango la mji na kupita machimbo ya mawe hadi uwanja wenye Hekalu la Madirisha Matatu na Hekalu Kuu. Simama kidogo hapo. Kwenye Hekalu Kuu utaona kona ya nyuma, upande wa kulia, mawe yameachana na kuinama. Wajenzi hawakukosea, ni ardhi iliyotitia chini yao. Mbele zaidi, Hekalu la Kondori lina jiwe la sakafuni lililochongwa kichwa na kola ya ndege huyo, na miamba miwili mikubwa ya asili iliyoinuka nyuma yake ndiyo mabawa. Bila mtu wa kukuonyesha, unaweza kulikanyaga na kupita. Tofauti ya 2-A na 2-B ni ndogo, hasa mahali unaposimama kupiga picha. Anayekwenda mara moja tu achukue yoyote kati ya hizo mbili.

Mzunguko wa 3 hupita sehemu ya chini, makazi ya watawala, karibu na Hekalu la Jua lenye ukuta wa mviringo. Ni mzuri na watu hupungua kidogo, lakini ile picha ya juu huipati. Ndio pia unaokupeleka Huayna Picchu, kilele cha mita 2,693 chenye ngazi nyembamba zilizosimama wima. Wanaokimbilia njia ya 3-A kwa sifa hugundua kwamba wamepanda mlima unaoonekana kwenye picha, ila picha yenyewe hawana. Dawa ni kununua tiketi mbili: 1-B kwa siku moja na 3-A kwa siku ya pili, au kwa siku ileile iwapo saa zinaachana vizuri. Ukishatoka nje hakuna kurudi kwa tiketi ileile. Kwa mwenye magoti mabovu au anayeogopa kimo, 3-A ifutwe kabisa kwenye orodha, maana kushuka ni kubaya kuliko kupanda.

Tiketi hufungwa na jina na namba ya pasipoti. Andika jina kama lilivyo kwenye hati, yote, bila kifupi. Ukibadilisha pasipoti baada ya kununua, beba ya zamani au nakala yake. Kwenye malipo, kadi isiyo na uthibitisho wa ziada wa benki mara nyingi hugoma, na nafasi uliyoishikilia hurudi sokoni muda ukipita. Kabla ya kuanza, washa huduma hiyo benki na uwe na kadi ya pili mkononi.

Na aliyekosa mtandaoni? Kila siku kuna tiketi 1,000 zinazouzwa ana kwa ana Aguas Calientes, mji ulio chini ya magofu. Zinauzwa kwa ajili ya kesho yake. Unapanga foleni asubuhi na pasipoti, unapewa namba, kisha unarudi saa uliyopangiwa kuchagua katika zilizobaki. Maana yake ni kulala pale usiku mmoja au miwili bila uhakika wa njia. Kwa mwenye siku za kuchezea ni mpango mzuri tu. Kwa mwenye ndege ya kuwahi ni kamari, hasa Juni hadi Agosti.

Kwa ujumla huduma hii inastahili nne kwa tano. Bei iko wazi na idadi ya watu inadhibitiwa: 4,500 kwa siku za kawaida, hadi 5,600 kwa tarehe maalumu. Inapoteza alama kwa majina ya njia ambayo mgeni hawezi kuyaelewa bila kusomewa, na kwa sababu sehemu nyeti hufungwa bila taarifa ndefu. Septemba 2023 Hekalu la Jua, Hekalu la Kondori na jiwe la ibada la Intiwatana zilifungwa kwa sababu mawe yalikuwa yanalika kwa kukanyagwa na kuguswa, na zilipofunguliwa tena saa zikapunguzwa.

Saa ya kuingia

Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi, na mawakala huiuza saa hiyo kama dhahabu. Ukweli ni kwamba msituni kule, mita 2,430 juu ya usawa wa bahari, ukungu wa alfajiri ni jambo la kawaida, na jua huchelewa kuvuka milima. Wengi wa saa 12 hutazama pazia jeupe. Kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi ukungu huwa unaondoka na picha zinatoka. Alasiri watu hupungua, lakini msimu wa mvua, Novemba hadi Machi, ndipo manyunyu hushuka. Ukilazimika kuchagua, chukua saa 3.

Ndani hakuna choo. Vipo nje ya lango, vya kulipia, kwa hiyo beba sarafu. Begi linalozidi sentimita 40 kwa 35 kwa 20 hubaki kwenye stoo ya mizigo. Fimbo za kujipigia picha, miguu ya kamera, droni na chupa za plastiki za kutupa haviruhusiwi. Vaa suruali ndefu: kuna vijidudu vidogo vinavyouma miguuni bila kusikika, na muwasho huanza jioni ukiwa umeshasahau.

Treni dhidi ya gari

Hakuna barabara ya gari inayofika Aguas Calientes kutoka Cusco. Ama reli, ama miguu. Kampuni mbili zinabeba wageni, PeruRail na Inca Rail, na zote hupita reli ileile kando ya mto Urubamba. Kutoka stesheni ya Ollantaytambo ni saa moja na nusu hadi mbili. Ipo pia treni ya wenyeji, nafuu mno, ambayo mgeni haruhusiwi kuipanda. Anayekuahidi tiketi yake anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kuhusu madaraja ya mabehewa, kelele ni nyingi kuliko tofauti. Lile la kawaida la PeruRail, Expedition, lina madirisha ya kutosha. Vistadome ina madirisha makubwa zaidi na burudani kidogo wakati wa kurudi. Hiram Bingham ni ya kifahari, na bei yake ni ya kwake yenyewe. Kiti kina maana kuliko daraja: ukienda, kaa upande wa kushoto, ndiko mto uliko, ukirudi, upande wa kulia. Treni za kurudi za alasiri ndizo zinazojaa mapema, kwa hiyo anza kuzikata hizo kisha ukate za kwenda.

Usidanganyike na stesheni ya Cusco. Treni inayoanzia mjini ni ya kupendeza, lakini huchukua muda mrefu sana, na kwa miezi ya mvua, Januari hadi Aprili, kipande hicho hubadilishwa kuwa basi hadi bondeni kisha treni. Bora uende mwenyewe Ollantaytambo kwa gari dogo la abiria kutoka mtaa wa Pavitos, Cusco. Gari huondoka likijaa na safari huwa kama saa mbili. Nauli yake ni ndogo mno ukilinganisha na kipande cha treni utakachokuwa umeokoa. Mzigo mkubwa uache hotelini Cusco au Ollantaytambo, kwa kuwa treni inaruhusu begi dogo tu.

Njia ya bei rahisi ni gari hadi Hidroeléctrica, kwenye kituo cha umeme wa maji, kupitia Santa María na Santa Teresa: saa sita hadi saba kwenye barabara yenye kona na makorongo, kisha kilomita kama kumi na moja kwa miguu kando ya reli, karibu saa tatu. Kwa kijana mwenye siku mbili na mfuko mwembamba, wakati wa ukame, inafaa. Wakati wa mvua, hapana. Maporomoko ya udongo hufunga barabara, na dereva anayetaka kufidia muda ni hatari kuliko udongo wenyewe. Wanaoinunua kama safari ya siku moja wamepotea: saa kumi na mbili hadi kumi na nne za kukaa garini kwa saa mbili za magofu. Rahisi ghali.

Basi la mwisho

Kutoka Aguas Calientes hadi lango ni mwendo wa dakika 25 hadi 30 kwa basi linalopanda kona kumi na kadhaa. Mgeni hulipa dola 24 kwenda na kurudi. Ni ghali kwa umbali ule, lakini mbadala wake ni ngazi za saa moja hadi moja na nusu zinazokata zile kona. Ushauri wa kati: panda kwa basi ili uingie na nguvu, shuka kwa miguu. Basi la kwanza huondoka kama saa 11 na nusu alfajiri na foleni huanza mapema zaidi. Tiketi ya basi haina kiti wala saa, kwa hiyo kati ya treni kufika na saa ya kuingia acha angalau saa mbili. Treni ya saa 2 asubuhi na tiketi ya saa 3 ni mpango wa kukimbia ukihema.

Mwongozaji

Magofu hayana vibao vya maelezo. Asiye na mwongozaji ataona mawe mazuri na kuondoka. Kundi lisizidi watu kumi, na mwongozaji awe na kitambulisho rasmi, mwombe akuonyeshe. Wapo wengi langoni, na bei hujadiliwa kabla ya kuingia. Mzuri utamjua mapema: hukuuliza tiketi yako ni njia gani kabla ya kutaja bei. Anayeanza na bei anaweza kukuahidi hekalu ambalo tiketi yako haipiti.

Ziara ya siku moja ya Bonde Takatifu

Hii ndiyo bidhaa inayouzwa kila kona ya Cusco, na ndiyo yenye mbinu ya kuigeuza iwe na faida. Basi huchukua watu asubuhi, hupita magofu ya Pisac, chakula cha mchana mji wa Urubamba, kisha Ollantaytambo na Chinchero. Ziara ndefu zaidi huongeza Moray na mashimo ya chumvi ya Maras. Kasoro zake zinajulikana. Pisac, yenye matuta yanayohitaji nusu siku, hupewa saa moja hivi. Halafu kuna vituo vya duka la fedha na maonyesho ya ufumaji ambavyo havikuwa kwenye maelezo, na hapo muda hautoshi kamwe kwa magofu ila unatosha kwa ununuzi.

Faida yake inakuja hivi: mwambie wakala tangu mwanzo kwamba utashukia Ollantaytambo na hutarudi Cusco. Beba begi lako dogo, shuka, panda treni jioni au lala hapo. Kwa bei ya ziara umepata usafiri na magofu mawili njiani. Mawakala wamezoea, hawashangai.

Ollantaytambo kwenyewe kunastahili usiku mmoja. Juu ya ngazi kuna mawe sita makubwa ya rangi ya waridi yaliyosimamishwa kama ukuta, yaliyotolewa machimbo ya Kachiqata, ng'ambo ya mto na juu mlimani. Njiani bado kuna mawe yaliyoachwa kabla ya kufika. Wenyeji huyaita mawe yaliyochoka. Ngome hii ndiyo ambapo Manco Inka, mtawala wa Wainka, aliwarudisha nyuma Wahispania mwaka 1537. Ghala za Pinkuylluna, kwenye mlima wa upande wa pili, ni za bure na zinaonyesha ngome yote kwa mbele, ila usizipande mvua ikinyesha.

Kuingia kwenye maeneo haya ni kwa tiketi ya pamoja ya Cusco: soli 130 kwa maeneo 16 ndani ya siku 10, au soli 70 kwa sehemu moja. Sehemu ya bonde (Pisac, Ollantaytambo, Chinchero, Moray) ni ya siku mbili. Lipa taslimu. Maras na hekalu la Qoricancha la mjini Cusco havimo, na ziara nyingi hunyamaza kuhusu hilo hadi ufike mlangoni.

Njia ya Inka ya siku nne

Hapa wakala si hiari. Ni matembezi ya kilomita 43 yanayoanzia kwenye alama ya kilomita 82 ya reli, na kibali hutolewa kupitia kampuni zenye leseni pekee, watu 500 kwa siku wakiwemo wapagazi na waongozaji, kwa hiyo nafasi za wageni ni pungufu ya nusu. Februari yote hufungwa kwa matengenezo. Mei hadi Agosti huisha miezi kadhaa kabla. Kibali hakihamishwi mtu wala tarehe.

Tofauti ya bei kati ya kampuni iko wapi? Sehemu kubwa iko mgongoni mwa mpagazi. Sheria ya Peru inaweka kikomo cha mzigo cha kilo 20 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na mizigo hupimwa mwanzo wa njia. Kampuni ya bei ya kuokota hupunguza idadi ya wapagazi na chakula chao. Uliza wanalala wapi, wanakula nini, na mzigo wako binafsi unaruhusiwa kilo ngapi. Uliza pia kibali chako kinakupa mzunguko gani siku ya kufika, maana kutembea siku nne hakukupi uhuru wa kuzurura mjini. Siku ya pili ndiyo ngumu: sehemu ya juu kabisa ya njia, Warmiwañusqa, iko mita 4,215.

Jambo linaloharibu safari hii kuliko ngazi ni mwinuko. Cusco iko karibu mita 3,400, na mtu akishuka ndege kutoka Lima, iliyo pwani, kichwa humuuma usiku huohuo. Kosa la kupanga ni kulala Cusco siku za kwanza. Toka uwanjani, shuka moja kwa moja Ollantaytambo au Urubamba, chini ya mita 2,900, lala siku mbili, nenda Machu Picchu, kisha Cusco iwe ya mwisho. Dawa ya acetazolamide, ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ni ya kuzungumza na daktari kabla ya safari. Chai ya majani ya koka hutolewa hotelini bure na ni halali Peru, ila inaweza kuonekana kwenye kipimo cha dawa za kulevya, na majani yake usiyabebe kuvuka mpaka. Vinicunca, mlima wa rangi ulio juu ya mita 5,000, usiuweke siku tatu za mwanzo hata kama bei ni ya kutupa.

Mwisho ni suala la akiba ya siku. Reli ile ni moja, na ikikwama hakuna njia ya pembeni. Januari 2010 mafuriko yaliikata, na watu takriban 4,000 wakatolewa kwa helikopta. Mwaka 2023 magofu yalifungwa kuanzia Januari 21 hadi katikati ya Februari kwa sababu ya maandamano, na Januari 2024 mgomo kuhusu uuzaji wa tiketi ulisimamisha treni kwa siku kadhaa. Weka siku moja tupu kati ya kurudi kutoka Aguas Calientes na ndege ya kutoka Cusco. Treni, basi na tiketi ya kuingilia ni pesa za watu watatu tofauti, kila mmoja na masharti yake ya kurudisha. Kwa hiyo tunza ujumbe wa kampuni ya treni unaosema safari imefutwa, na kama ulinunua kifurushi, hakikisha kimeandika ni nani atakayedai kwa niaba yako.